Msitu wa Eburu Hautaki Umati

Siku hizi mjini Nakuru, ukikuta basi limeegeshwa alfajiri ya Jumamosi na watu wa fulana za rangi moja wanalizunguka, jua wanakwenda kupanda mlima. Mimi nafurahi, heri hivyo kuliko kushinda kitandani na simu. Ila nina neno na wanaopeleka watu arobaini kwa mpigo kule Eburu, tena mmoja wao kabeba spika mgongoni.

Kwa asiyepajua, Eburu ni mlima wa volkano kati ya Ziwa Naivasha na Ziwa Elmenteita. Msitu wake, zaidi ya hekta 8,700, ni mojawapo ya vipande 22 vya msitu mkubwa wa Mau. Uzio wa umeme unaouzunguka ulikamilika mwaka 2014, kazi iliyoongozwa na shirika la Rhino Ark. Kuna wanaonung'unika kwamba msitu umefungwa kama shamba la tajiri. Sikubaliani nao. Wachoma makaa na wakata mierezi walikuwa wanaumaliza, na nyati nao walikuwa wanamaliza mahindi ya watu.

Nyati hao bado wamo, kwa hivyo mnaingia na mwongozaji. Hapo ndipo makundi makubwa yanapoharibu mambo. Mwongozaji mmoja akiwa na watu arobaini anageuka kuwa mchunga mbuzi: wa mbele wameshapotea kwenye kona, wa nyuma wanapiga picha, na yeye kazi yake ni kuhesabu vichwa. Yale anayoyajua anarudi nayo nyumbani.

Sisi tulikuwa sita tu. Mzee aliyetuongoza alitembea polepole kiasi kwamba vijana wetu walianza kunong'ona kuwa tutafika kesho. Baada ya muda wakaacha kunong'ona. Alikuwa akisimama ghafla, anainua mkono, nasi tunagandana nyuma yake bila kujua kuna nini. Mara ya kwanza ilikuwa kinyesi cha nyati, bado kinatoa mvuke, akabadilisha njia bila maelezo mengi. Mara ya pili tulisimama kimya mpaka shingo zikauma, halafu matawi juu yetu yakatikisika na mbega wakaanza kuruka mmoja baada ya mwingine, mikia myeupe ikining'inia nyuma. Mama mmoja kwenye kundi letu, ambaye tangu getini alikuwa anauliza chai itanywewa saa ngapi, alishika kinywa kwa mikono miwili.

Tulimuuliza mzee kuhusu bongo, yule swala mkubwa wa rangi ya kahawia nyekundu mwenye mistari myeupe ubavuni. Bongo wa milimani wanaoishi porini wamebaki Kenya peke yake, na idadi yao inakadiriwa kuwa chini ya mia moja. Eburu ni mojawapo ya misitu michache wanamoishi. Mzee akacheka. Alisema bongo ndiye anayekuona wewe. Hata watafiti wanategemea kamera zinazofungwa kwenye miti. Sasa mnyama mwoga namna hiyo unampelekea spika, unataka acheze?

Ukifika kwenye ukingo ulio wazi, maziwa yote mawili yanaonekana. Upande mmoja Naivasha, na paa za plastiki za mashamba ya maua zinameremeta kandokando. Upande wa pili Elmenteita, dogo na la magadi, lenye utepe wa waridi ufukweni flamingo wakiwapo. Hakuna mto unaotoka katika ziwa lolote kati ya hayo, lakini maji ya Naivasha ni baridi, hayana chumvi. Vijana wetu walibishana hapo kuliko walivyowahi kubishana kuhusu mpira. Jibu ni kwamba maji ya Naivasha hupenya chini kwa chini na kuondoka na chumvi yake, ilhali ya Elmenteita hubaki yakakauka juani, chumvi ikarundikana. Na sehemu ya maji yanayofika huko chini huanzia humu msituni.

Cha ajabu, wanaoishi mlimani wenyewe hawana mito ya kutegemea. Ukishuka hadi kijijini utaona mvuke ukitoka ardhini na mabomba yameelekezwa juu yake. Mvuke ukipoa, matone yanaingia kwenye mtungi. Simama hapo kidogo, usipite mbio kwa sababu dereva anapiga honi.

Najua hoja ya waandaaji: watu wakiwa wengi gharama inashuka. Ni kweli. Basi leteni hao arobaini, ila wagawanyeni wanane wanane, kila kikundi na mwongozaji wake, waachane nusu saa. Atakayelipa zaidi atalipa kidogo tu, na pesa hiyo itaingia kwenye nyumba tano za Eburu badala ya moja. Muziki wekeni Kikopey, kule kwenye nyama choma ya barabarani, mkirudi. Mbuzi wa pale ameshachomwa, hana wa kumtoroka.

Bebeni maji na sweta, kule juu baridi haina adabu hata Januari. Na mwende kabla ya mvua za masika, kwa maana ukishaacha lami ni vumbi tupu, na vumbi lile likilowa hata gari aina ya Probox linasukumwa.