GrapheneOS jijini Nairobi: simu imara ambayo benki inaikataa

Ukimwambia mtu unataka kuachana na Android ya kawaida na kuhamia GrapheneOS, mfumo wa simu uliojengwa juu ya Android kwa kutanguliza usalama, swali la kwanza ni: unaficha nini? Swali hilo linamdhania vibaya anayehama. Wakili, mwanahabari au mhudumu wa makazi ya wanawake waliokimbia dhuluma habebi siri zake peke yake. Simu yake imejaa majina, picha na jumbe za watu waliomwamini, na ikichukuliwa, wao ndio watakaoumia kwanza.

Na simu huchukuliwa. Mei 2025 watayarishaji wa filamu walikamatwa Nairobi na simu zao zikabaki mikononi mwa polisi hadi Julai. Septemba, wachunguzi wa Citizen Lab ya Chuo Kikuu cha Toronto walisema wamekuta programu ya kijasusi ya FlexiSPY kwenye simu mbili kati ya hizo, iliyowekwa wakati wenyewe hawakuwa nazo. FlexiSPY huuzwa waziwazi kwenye intaneti. Anayetaka kuiweka anahitaji kuishika simu yako kwa muda.

GrapheneOS imeundwa kwa kuzingatia hatari ya namna hiyo. Simu ikikaa saa 18 bila kufunguliwa hujizima na kujiwasha upya, na data yote hurudi kufungwa kwa nambari ya siri. Ikiwa imefungwa, tundu la USB hukataa kupokea kifaa kipya. Ipo pia nambari ya pili ambayo ikibonyezwa hufuta kila kitu, ingawa hiyo usiiweke kabla ya kuzungumza na wakili, maana kuharibu ushahidi ni kosa la jinai Kenya.

Wapinzani wana hoja nzito pia. Mfumo huu huwekwa kwenye simu za Pixel za Google tu, na nyingi zinazouzwa Nairobi ni mitumba kutoka ng'ambo. Zile zilizouzwa Marekani na kampuni ya simu ya Verizon hazikubali kubadilishwa mfumo hata kidogo. Kwa hiyo ukiwa dukani Moi Avenue, kabla hujatoa pesa, unganisha simu na intaneti, ingia kwenye mipangilio, gusa nambari ya toleo la mfumo mara saba, kisha fungua Developer options na utafute swichi ya OEM unlocking, inayoruhusu mfumo kubadilishwa. Ikiwa imefifia na haiguswi, mrudishie muuzaji simu yake hata akikupunguzia bei.

Vilevile, laini yako imesajiliwa kwa kitambulisho. Kampuni ya simu inajua uko karibu na mlingoti gani na umempigia nani, na mfumo wowote utakaoweka hautabadilisha hilo. Ukilazimishwa kuitaja nambari ya siri, ulinzi wote umeisha. Kwa mtu ambaye hofu yake kuu ni matapeli wanaojifanya wahudumu wa M-Pesa, kuhama hakumsaidii sana. Afadhali asasishe simu aliyo nayo na asimtajie mtu PIN.

Lakini hoja inayowarudisha watu nyuma kuliko zote ni benki, na hii ndiyo inayonikera. M-Pesa yenyewe si tatizo: ukipiga *334# inafanya kazi. Shida ni programu za benki, ambazo baadhi huuliza huduma ya Google iitwayo Play Integrity kama simu ni ya kuaminika. Inachopima huduma hiyo ni kama mfumo umeidhinishwa na Google. Ubora wa ulinzi wake ni jambo jingine. Matokeo yake, simu ya zamani ambayo haijapata sasisho la usalama kwa miaka mingi, yenye mianya inayojulikana dunia nzima, inaweza kupita katika kiwango cha kawaida cha ukaguzi huo. Pixel 8 yenye GrapheneOS ya wiki hii, ambayo kumbukumbu yake inalindwa dhidi ya aina ya makosa yanayotumiwa sana na wadukuzi, inakataliwa. Mteja anaonyeshwa ujumbe kwamba kifaa chake si salama, naye anaamini, kwa kuwa ni benki iliyosema.

Wengi hukabiliana na hili kwa kubeba simu ya pili ya bei nafuu kwa ajili ya benki. Inawezekana, ila ni gharama anayobebeshwa mtu aliyejitahidi kujilinda. Benki zina haki ya kukagua vifaa vinavyogusa pesa za wateja, na sitaki ziache. Ila Android ina njia nyingine ya ukaguzi, inayotumia chipu ya usalama iliyomo ndani ya simu, na GrapheneOS imechapisha hadharani alama za funguo zake ili mfumo utambuliwe kwa njia hiyo. Timu ya programu ya benki inaweza kuziongeza kwenye orodha yake bila kulegeza ukaguzi kwa simu nyingine. Mteja anayekataliwa na aandikie benki yake, aitaje njia hiyo kwa jina lake, Android hardware attestation, na adai jibu la maandishi.