Lifti si lazima: kuchagua gari la mtu anayetumia kiti mwendo

Ukipekua matangazo ya magari ya mtumba kutoka Japani, katikati ya Noah na Hiace zisizo na idadi utakutana na moja iliyofunguliwa mlango wa nyuma, jukwaa la chuma la kupandishia kiti mwendo, yaani lifti, limeshushwa hadi chini, na rimoti yenye waya inaning'inia pembeni. Japani ina wazee wengi, na kampuni zake hutengeneza magari ya namna hii kiwandani kabisa. Toyota peke yake ina safu nzima inayoitwa Welcab. Yakishatumika huko hupanda meli kama mengine na kushushwa Dar es Salaam au Mombasa. Kwa familia ambayo baba amepooza kwa kiharusi, na kila siku ya kliniki lazima waitwe vijana wawili wa mtaani wambebe, picha ile inatosha kuwafanya waanze kuchangishana jioni hiyohiyo.

Mimi huwa nawaambia wasubiri kidogo. Si kwamba lifti ni mbaya. Ila kwa familia nyingi za huku kwetu naiona ni chaguo la tatu, na walioifanya la kwanza baadhi yao leo wana jukwaa lililofungwa kwa kamba lisigongegonge barabarani.

Tuanze na wanaoitetea, maana hoja yao ina uzito. Sakafu ya Hiace iko juu, tuseme sentimita 70 kutoka ardhini. Ukitaka kuifikia kwa rampu, yaani ubao wa mteremko wa kusukumia kiti, yenye mwinuko wa moja kwa nne (mita moja juu kwa kila mita nne mbele), ambao tayari ni mkali, unahitaji rampu ya karibu mita 2.8. Nani atatembea na mbao ndefu hivyo? Na hata akiwa nazo, kumsukuma mtu wa kilo 70 aliyeketi kwenye kiti cha kilo 20 juu ya mwinuko huo kunadai nguvu ya takriban kilo 22. Ni sawa na kunyanyua ndoo kubwa ya maji iliyojaa na kubaki nayo mkononi bila kuitua mpaka mfike ndani. Binti wa miaka 14 hawezi. Mama wa miaka 60 naye hawezi. Lifti haiulizi nguvu za anayesaidia. Anabonyeza swichi, basi. Na kama kiti mwendo ni cha umeme, ambacho chenyewe kinaweza kuvuka kilo 100 kabla mtu hajakaa, wala hakuna mjadala.

Kuna pia jambo ambalo asiyelipitia hulichukulia kirahisi, nalo ni kubebwa. Mtu mzima, pengine mama wa watu na buibui lake, anakumbatiwa na konda au dereva wa teksi asiyemjua kila anapotaka kwenda msibani au sokoni. Kwa watu wa pwani hilo si dogo, na nimesikia wanaosema afadhali wabaki nyumbani. Anayepanda kwa lifti hashikwi na mtu.

Sasa upande wa pili. Lifti ni mashine. Ina pampu, mota, mipira ya oili, swichi za kuzuia jukwaa lisisogee kabla mlango haujafunguka sawasawa, na nyaya zinazopita chini ya gari kwenye maji na tope. Uingereza, kanuni za mwaka 1998 kuhusu vifaa vya kunyanyulia zinataka lifti inayobeba watu katika shughuli za kazi, mathalani kwenye gari la hospitali, ikaguliwe na mtaalamu kila baada ya miezi 6. Huku kwetu atakayekukagulia ni fundi anayetengeneza tipa, na kusema kweli haidroliki, yaani kunyanyua kwa nguvu ya oili, anaijua vizuri. Kinachomshinda ni saketi ya umeme na maelezo yaliyoandikwa Kijapani. Ongeza hewa ya chumvi ya Tanga, Mombasa au Unguja inayokula pini na bawaba, ongeza betri iliyochoka, halafu fikiria lifti inakwama ikiwa nusu njia, mtu yuko juu yake, jua la saa saba.

Ndiyo maana anayeamua kununua lifti asiridhike na picha. Aombe video jukwaa likipanda na kushuka. Gari likishafika, apakie mifuko miwili ya saruji, yaani kilo 100, injini ikiwa imezimwa, apandishe na kushusha mara kadhaa asikilize mota inavyolalamika. Kisha akate umeme kabisa na kulishusha jukwaa kwa mkono. Lifti nyingi za haidroliki zina pampu ya dharura na mpini wake wa kuchomeka; huo mpini ndio kitu cha kwanza kupotea, na muuzaji wa yadi wala hajui kazi yake. Usipokuwepo, ufuliwe mwingine kabla ya gari kubeba mtu.

Nafasi nayo ni kilio. Jukwaa likishuka linachukua zaidi ya mita moja nyuma ya gari, na mwenye kiti anataka mita nyingine ya kujipanga. Jaribu hivyo Kariakoo siku ya Jumamosi.

Katikati ya lifti na mabega ya vijana kuna rampu, lakini si ya Hiace. Ni ile ya Noah, Voxy au Sienta zilizotoka kiwandani sakafu ya nyuma ikiwa imeshushwa. Ukifungua mlango wa nyuma, gari lenyewe linachuchumaa. Sakafu ikishuka hadi sentimita 30, mwinuko uleule wa moja kwa nne unaishia kwenye rampu ya mita 1.2 tu, inayokunjwa ikasimama ndani ya mlango. Baadhi zina winchi, yaani mota ndogo ya umeme yenye kamba, inayovuta kiti taratibu huku msaidizi akikiongoza. Uzuri wake ni kwamba winchi ikifa, rampu bado ni rampu. Utasukuma, mtatoa jasho, lakini hamtalala njiani.

Udhaifu wake uko chini ya gari. Sakafu iliyoshushwa iko karibu na lami, na matuta yetu mnayajua. Mifuko ya hewa inayolichuchumaza gari haikuundwa kwa barabara ya mawe, na ikipasuka, fundi wa mtaani atakushauri uweke springi za kawaida, na hapo gari halichuchumai tena na hesabu ya mwinuko inaharibika. Kwa anayekaa mtaa wa lami kama Upanga ya Dar au Nyali ya Mombasa, rampu ya aina hii naiweka mbele ya lifti bila kusita. Anayekaa mwisho wa njia ya makorongo asidanganywe na video iliyopigwa Yokohama.

Chaguo ambalo watu hulidharau, kwa sababu halina chuma wala rimoti, ni mtu kuhama kutoka kwenye kiti mwendo na kukaa kwenye kiti cha gari. Toyota Raum za toleo la pili na Isis hazina nguzo katikati ya milango ya upande wa abiria; ukifungua yote miwili, ubavu mzima uko wazi. Porte ina mlango mmoja mpana wa kuteleza upande huohuo, na sakafu yake iko chini. Hayo si magari ya ulemavu, yamejaa mitaani, na spea zake zinauzwa kila kona. Kiti mwendo kinakunjwa, kinaingia kwenye buti. Yapo pia yenye kiti cha abiria kinachozunguka na kutokeza nje ya mlango, kikimpunguzia mtu safari ya kugeuka. Anayeweza kusimama sekunde chache akishikwa mkono, au kuteleza kwenye ubao wa kuhamia, hapo amepata gari rahisi kuliko yote, na anakaa kwenye kiti chenye mkanda wake uliopimwa kwa ajali. Kiusalama hilo ndilo linalopendekezwa kila inapowezekana.

Tatizo ni lile neno “inapowezekana”. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo aliyetengenezewa kiti cha kumshikilia mgongo na shingo hawezi kuwekwa kwenye siti ya Raum akakaa salama. Mgonjwa ambaye hali yake inazidi kudhoofika leo anahama, mwakani hahami, na gari bado lina deni. Halafu kuna mgongo wa anayemhamisha, ambao hakuna anayeuweka kwenye hesabu mpaka naye aanze kwenda kliniki.

Ila nionavyo, kosa kubwa hufanyika kabla hata ya kufika kwenye gari: hakuna aliyepima kiti. Gari la Japani lilipangwa kwa kiti chembamba cha Kijapani kinachotembea kwenye lami. Huku watu wengi wanatumia viti virefu vya magurudumu matatu, vyenye gurudumu la mbele lililotangulia mbali ili lisizame kwenye mchanga, ama baiskeli za kuendesha kwa mikono. Ni vifaa bora kwa njia zetu, lakini kwenye jukwaa la lifti gurudumu la mbele linabaki hewani. Sheria za Marekani zinataka jukwaa la lifti ya basi liwe na nafasi ya sentimita 76 kwa 122 na libebe kilo 272. Anayeagiza gari Japani hana sababu ya kudhani vipimo ni hivyo. Apime urefu wa kiti pamoja na vidole vya miguu, upana wake kwenye magurudumu, na urefu kutoka chini hadi utosini mtu akiwa ameketi. Kipimo hiki cha mwisho ndicho wengi hukisahau, kisha wanagundua bandarini kwamba mzee inabidi ainamishe kichwa safari nzima.

Na akishaingia, amefungwaje? Hapa sina subira na mtu. Breki za kiti mwendo si kifungio cha gari. Kiti kinatakiwa kushikwa na kamba nne, mbili mbele na mbili nyuma, zinazonasa kwenye fremu yake, si kwenye magurudumu wala sehemu za kuwekea mikono, na kinaelekea mbele, si ubavu. Mtu naye ana mkanda wake peke yake, unaopita kwenye mifupa ya nyonga na kukatiza kifuani, chini ya mikono ya kiti na si juu yake. Viti vingi vinavyogawiwa kwenye hafla, vile vya fremu nyembamba ya mabomba, havikupimwa kuhimili ajali vikiwa siti ya gari. Mwenye kiti cha hivyo nitamshauri ahame, hata kama amelipia lifti. Magari ya mtumba mara nyingi hufika yakiwa na reli sakafuni lakini kamba hazipo, na familia hununua kamba za kufungia mizigo. Kamba halisi za kiti mwendo ni bei ndogo sana kulinganisha na gari. Ziagizwe za kweli.

Kuhusu kodi, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inatoa msamaha wa ushuru wa forodha kwa vifaa na magari yaliyotengenezwa mahsusi kwa watu wenye ulemavu. Hapa lifti au rampu ya kiwandani inajitetea yenyewe mbele ya afisa, wakati Raum ya kawaida itadai maelezo marefu, na hiyo ni hoja halali ya kulichagua gari lenye vifaa. Msamaha uombwe kabla gari halijapakiwa melini, na usichukuliwe kwamba unafuta kila tozo. Kwa Wakenya kuna kikwazo cha ziada, kwani gari la mtumba kwa kawaida halipaswi kuvuka miaka 8, hivyo yale ya bei poa hayawahusu. Tanzania la zamani linaingia, lakini linatozwa ushuru wa uchakavu. Na ukiwa yadi, inama utazame sakafu: kuna Hiace za Welcab zinazong'olewa lifti na kuwekwa siti ili ziwe za biashara, na mtu anaweza kukuuzia yenye mashimo ya boliti huku akikuahidi kwamba “kurudisha ni kazi ndogo”.

Wapo watakaosema mazungumzo yote haya ni ya wenye nacho. Katiba ya Kenya, Ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia usafiri wa umma, na Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Kwa nini basi familia ijinyime ili inunue Noah? Naikubali hoja hiyo zaidi ya nusu. Mradi wa mabasi ya mwendokasi wa Dar, ulioanza mwaka 2016, ulionyesha kwamba jukwaa la kituo likiwa usawa wa sakafu ya basi, mwenye kiti mwendo anaingia bila lifti na bila kubebwa, na hakuna mota ya kuungua. Isipokuwa saa za msongamano, ambapo hata mwenye miguu miwili haingii.

Lakini kituo hakiji mlangoni. Kati ya nyumba na barabara kuu kuna kilomita moja au mbili za mchanga, na hapo si Noah wala basi linaloamua, ni bajaji. Dar tayari kuna madereva wenye ulemavu wanaoendesha bajaji, kwa sababu mafuta, klachi na gia zote ziko mkononi, na iliyobaki mguuni ni breki tu, ambayo fundi huihamishia juu kwa mkono wa chuma. Fundi wa namna hiyo hashindwi kukata nyuma ya bajaji, kushusha sakafu na kuweka rampu fupi na ndoano nne za kamba. Nikiulizwa na chama cha watumiaji wa viti mwendo kilichopata fedha za gari moja, ningekiambia kifanye kwanza hesabu ya bajaji tatu za hivyo, kisha ndipo kifungue ukurasa wa Hiace zenye lifti.