Hesabu ya kioski cha maji iandikwe ukutani

Katika mji mdogo, habari huanzia kwenye foleni ya maji. Msiba wa mtaa wa pili, bei ya mahindi gulioni, basi lililolala njiani: yote utayasikia kabla ndoo yako haijajaa. Habari isiyosikika hapo ni ya kioski chenyewe, kwamba jana yametoka maji kiasi gani na zimepatikana shilingi ngapi. Hesabu hiyo iandikwe kwa chaki ukutani kila jioni, kila mwenye ndoo aisome.

Si hesabu ngumu. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Tuseme jana jioni dira, yaani mita ya maji, ilisoma 1,482 na leo inasoma 1,490. Zimetoka uniti 8, sawa na ndoo 400. Kama ndoo ni shilingi 50, ziwepo shilingi 20,000. Mwuzaji asome dira mbele ya mtu yeyote aliye kwenye foleni, na wote wawili waandike. Zisomwe tarakimu nyeusi tu. Zile nyekundu za mwisho ni vipande vya uniti, na ukiziunganisha na nyeusi hesabu yote imeharibika.

Ila fedha na dira havitalingana hadi shilingi ya mwisho, na hapa ndipo wauzaji wengi huonewa. Dumu la lita 20 likijazwa hadi mdomoni hubeba zaidi ya hizo. Yapo pia yaliyotunishwa kwa maji ya moto mpaka mbavu zimevimba. Hayo humeza maji mengi zaidi kwa bei ileile. Kuna maji ya kusuuzia ndoo. Kuna na hewa: maji ya mgawo yanaporudi huisukuma hewa iliyojaa bombani, na dira huzunguka kabla tone halijatoka. Siku hiyo dira isomwe kabla ya kufungulia, isomwe tena maji yakishatulia, na tofauti iandikwe pembeni.

Kabla ya kumtuhumu mtu, fungeni koki zote usiku, kisha mmulike tochi kigurudumu kidogo kilicho usoni mwa dira. Kikizunguka, maji yanapotea baada ya dira. Mara nyingi ni mpira mdogo wa ndani ya koki ulioliwa. Kosa la kawaida ni kuikaza koki kwa nguvu zaidi, jambo linaloukata mpira wenyewe na kuumiza kikalio chake, hata mpya ukiwekwa hauzibi. Fungeni valvu, fungueni kichwa cha koki, badilisheni mpira. Koki zikiwa kavu na kigurudumu bado kinazunguka, fuateni njia ya bomba kutoka dirani mpaka kioskini mkitafuta udongo mbichi, au majani mabichi wakati wa kiangazi.

Viongozi watasema taarifa husomwa mkutanoni. Ni kweli, na tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 maji ya vijijini na ya baadhi ya miji midogo ya Tanzania yako chini ya vyombo vya jamii vinavyosimamiwa na RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini. Lakini taarifa ya mkutanoni ni jumla ya miezi. Haiwezi kuonyesha Jumatano ambayo ndoo zilishuka kutoka 400 hadi 250 bila mgawo wowote. Watu wa foleni ndio wanaojua kama siku hiyo kioski kilifungwa saa nne asubuhi au kilishinda wazi hadi magharibi. Wapewe namba wangali wanakumbuka.

Pengo kati ya dira na fedha la ndoo 10 au 20 katika 400 lisimpeleke mtu ofisini. Likiwa lilelile kila siku, hata siku ya mauzo madogo, itisheni fundi bomba. Likiruka siku moja moja, ulizeni zamu ilikuwa ya nani.