Chagua programu ya meshi inayokubali kurudiwa

Kijana wa uhandisi mitambo akiingia kwenye CFD, yaani kukokotoa mtiririko wa maji au hewa kwa kompyuta, huanza kuuliza habari za solva, programu inayofanya hesabu yenyewe: nitumie OpenFOAM ya bure au Fluent ya ANSYS? Mimi swali hilo halinikoseshi usingizi. Solva hizi zinakokotoa milinganyo ileile, na kwa maji yanayopita kwenye bomba la kawaida majibu yake hayapishani sana. Muda unaliwa kabla ya hapo, kwenye kusafisha jiometria na kuigawa katika seli, vipande vidogo ambavyo kwa pamoja huitwa meshi. Kwa hiyo ninapochagua programu ya meshi najiuliza jambo moja kwanza: kesho kipenyo kikibadilika, itanitengenezea meshi upya bila mimi kugusa kipanya?

Nauliza hivyo kwa sababu meshi haitengenezwi mara moja ikaisha. Anayetaka jibu lake liaminike atahitaji walau meshi tatu za umbo lilelile, kuanzia yenye seli kubwa hadi yenye seli ndogo, aone kama namba zinatulia. Ukikata ukubwa wa seli kwa nusu pande zote tatu, seli laki tano zinageuka milioni nne. Sasa fanya hayo yote kwa kubofyabofya! Mtu anachoka, anabaki na meshi moja, anaipamba kwa rangi nyekundu na buluu, anaiita matokeo. Ripoti za namna hiyo zimejaa, na mimi huzisoma kwa jicho la pembeni.

Kwa maumbo mepesi kama mabomba, mifereji na bawa la ndege, napendekeza Gmsh. Ni kazi ya Christophe Geuzaine na Jean-François Remacle, ni ya bure, na faili yake ya .geo ni maandishi matupu. Anayependa Python naye anaweza kuiendesha kwa Python. Vipimo vyote unaviweka juu ya faili, unabadilisha namba, unaiendesha tena. Ina kero zake. Kigeuzi cha OpenFOAM kiitwacho gmshToFoam kinataka faili ya toleo la 2, ilhali Gmsh ya sasa hutoa toleo la 4 usipoiambia vinginevyo. Wanaoanza hukwama hapo wakadhani wameharibu jiometria.

Umbo likiwa gumu, tuseme ganda la pampu lenye kona na mikunjo, nahamia snappyHexMesh, inayokuja na OpenFOAM yenyewe. Inaanza na boksi la seli za mraba, inakata zilizo nje ya mtiririko, inavuta zilizobaki zishike uso wa ganda, kisha inaongeza tabaka nyembamba za seli ukutani. Inavumilia jiometria chafu kuliko Gmsh. Ila jihadhari na STL, faili ya umbo unayoipa: haibebi kizio cha kipimo, na OpenFOAM inahesabu kila kitu kwa mita. Pampu ya milimita 300 iliyochorwa kwa milimita itaingia ikiwa na mita 300, na hakuna atakayekuonya.

Hizo tabaka za ukutani ndizo zinazotenganisha programu nzuri na ya kawaida. Chukua maji yanayokwenda mita 2 kwa sekunde ndani ya bomba la milimita 100. Ukitaka y+, namba inayopima seli ya kwanza iko mbali kiasi gani na ukuta kwa kulinganisha na mtiririko wa pale, iwe 1, kitovu cha seli ya kwanza kikae kama milimita 0.012 kutoka ukutani. Ukitumia kanuni za ukuta, fomula zinazokadiria mtiririko ulio karibu na ukuta, na kuridhika na y+ ya 30, unaruhusiwa kama milimita 0.35. Kwa 0.35 snappyHexMesh inakwenda vizuri. Kwa 0.012, penye kona kali, tabaka zake huwa zinakatika au kutoweka kabisa, na hilo kwangu ndilo doa lake kubwa.

Hapo ndipo programu za kulipia zinapostahili bei yake. Pointwise, ambayo Cadence iliinunua mwaka 2021, ni mabingwa wa tabaka za ukutani. STAR-CCM+ ya Siemens ina uwezo wa kuifunika kama shuka jiometria yenye matundu. Mwajiri akilipa, zichukue. Toleo la bure la ANSYS kwa wanafunzi linafaa kujifunzia, lakini lina kikomo cha seli, na utakigonga mapema ukianza kupunguza ukubwa wa seli. Ya kukraki mimi siigusi: siku mteja akiuliza leseni iko wapi, utamjibu nini?

Hata kwenye za kulipia swali langu halibadiliki. Pointwise ina lugha yake ya skripti, Glyph, na Fluent inasoma faili ya amri zilizoandikwa mapema, kwa hiyo uwezo wa kurudia upo. Muuzaji akija kukuonyesha bidhaa, mwambie abadilishe kipenyo cha bomba mbele yako, halafu aondoe mkono kwenye kipanya.