Kompyuta huona bati, haioni fremu

Ukiitazama Sinza, Dar es Salaam, kutoka angani, unaona paa zilizopangana kwa mistari iliyonyooka. Programu ya kompyuta inayochora ramani ya matumizi ya ardhi kwa picha za angani, iliyofundishwa kwa mifano ya mitaa mingine, itaipaka rangi ya makazi, na kwa makaratasi haijakosea: viwanja vile vilipimwa miaka ya 1970, katika mradi wa viwanja na huduma, ili watu wajenge waishi. Sasa pita hapo saa mbili usiku. Chumba cha mbele ni fremu ya duka la dawa, uani kuna baa, nyumba ya pili ni gesti, na nyuma ya yote hayo kuna familia inasonga ugali.

Programu hizi hupewa maeneo machache yaliyokwisha kutambuliwa, kisha hukadiria kila kipande kingine cha jiji kinafanana na lipi, kwa kutazama ukubwa wa majengo, msongamano na upana wa barabara. Picha za bure za setilaiti za Sentinel-2 zina nukta za mita 10 kwa mita 10. Ndani ya nukta moja hutoshea genge, banda la mama ntilie na nusu ya nyumba.

Hata hivyo siwaungi mkono wanaotaka tuachane na programu hizi. Dar es Salaam, yenye watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, haiwezi kungoja maofisa wamalize kutembea kila mtaa. Mpango Kabambe wa 1979, ule wa kuongoza ukuaji wa jiji, ulizeeka huku jiji likisogea Chanika na Bunju. Mwaka 2021 Google ilitoa ramani ya majengo milioni 516 barani Afrika, yote yakiwa yametambuliwa na kompyuta. Kwa kuonyesha jiji limefika wapi, sijui njia nyingine ya haraka kiasi hicho.

Hofu yangu inaanza pale ramani inapogeuka msingi wa maamuzi. Mtaa ukiandikwa makazi matupu, mwenye genge anakuwa mvamizi mbele ya macho ya ofisi. Tena tusiridhike na asilimia za usahihi tunazotajiwa. Kama vipande 80 kati ya 100 ni makazi, programu inayojibu "makazi" kila mahali inapata asilimia 80 bila kujua kitu. Makosa yake yote yatarundikana kwenye vile 20 ambako watu wanatafuta riziki.

Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa ya Dar es Salaam ulioanza 2015, ilituonyesha njia nyingine inayowezekana: wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa kama Tandale walitembea na simu, wakaandika walichokikuta. Kompyuta ichore mipaka, na pale inaposita, mjumbe na wakazi waulizwe. Na mtaa usilazimishwe rangi moja. Kariakoo iandikwe kama ilivyo: maduka chini, stoo katikati, watu juu.