Usivue Koti kwa Ajili ya Picha

Kila msimu wa baridi ukifika, picha ileile hurudi mitandaoni: mtu yuko katikati ya theluji, koti kalivua, mikono kaitandaza, meno nje kama yuko ufukweni. Nayajua yaliyo nyuma ya picha hiyo kwa sababu nami nimeyafanya. Koti limerundikwa nyuma ya kamera, taimu imehesabu sekunde kumi, na shata ilipolia tu mwenye picha alitimua mbio kulifuata, taya zikigongana. Picha imetoka safi. Ila baridi haimo, na kwangu theluji isiyo na baridi ni pazia jeupe tu la studio.

Picha ya kujipiga ninayoipima nayo zangu zote ilipigwa Januari 1912 kwenye Ncha ya Kusini. Wamo msafiri Mwingereza Robert Scott na wenzake wanne, waliotaka kuwa watu wa kwanza kufika hapo, na mpigaji ni mmoja wao, Henry Bowers, aliyeketi mbele akavuta uzi uliofungwa kwenye kamera. Walikuwa wamekuta Roald Amundsen na Wanorwei wenzake wameshafika tangu Desemba. Hilo linasomeka usoni mwao bila maelezo. Wote watano walikufa njiani wakirudi, na filamu ikaokotwa hemani Novemba mwaka huohuo. Simtumi mtu akafe kwa ajili ya picha. Nasema tu kwamba hakuna aliyevua kofia.

Basi vaa, kisha uhangaike na mwanga, maana huko ndiko kwenye kazi. Kamera hupima mwanga kana kwamba kila kilicho mbele yake ni cha kijivu. Ukiielekeza kwenye theluji inashtuka, inapunguza mwanga, na theluji inatoka kama majivu. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi hasara ni mara mbili, kwa kuwa uso nao unazama na kubaki kivuli chenye macho. Dawa yake ni kuikatalia: ongeza mwanga kwa stopu moja hadi mbili (kila stopu huongeza mwanga maradufu), au kwenye simu gusa uso wako kwenye skrini kisha upandishe mwanga taratibu. Ukizidisha, theluji inapoteza chembechembe zake na haiwezi kurudishwa baadaye. Lakini ukipata kipimo, theluji yenyewe inakulipa: inarudisha mwanga kutoka chini, inafuta vivuli vya kidevuni na machoni, na ngozi nyeusi inang'aa kwa namna ambayo taa zangu za ndani hazijawahi kunipa. Siku ya mawingu ni bora kuliko ya jua kali. Hapo sibishani na mtu.

Fokasi nayo, yaani pale lenzi inapolenga ili paonekane wazi, hutangatanga kwenye weupe mtupu. Mimi huchomeka kijiti pale nitakaposimama, nafokasi hapo, nafunga fokasi, kisha nakwenda kukichomoa.

Halafu kuna nyayo. Theluji mbichi haikupi nafasi ya pili. Ukitoka kwenye kamera ukaenda moja kwa moja mbele yake, umeshaichora. Zamani nilikuwa nazunguka mbali, nikiingia kwa nyuma kama mwizi wa kuku, rimoti mfukoni. Siku hizi naacha nyayo zionekane. Zinaonyesha mtu alikwenda na kurudi mara nyingi akihangaika peke yake, na ndivyo ilivyokuwa.

Betri usiiamini. Kwenye baridi inaweza kuzima ikiwa bado na chaji, kwa hiyo ya akiba ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili; iliyozimika nayo ukiipasha joto mara nyingi huzinduka. Wakati wa kurudi ndani, funga kamera kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, uiache humo hadi ipate joto la chumba. La sivyo unyevu utatanda kwenye lenzi, na hata ndani yake.

Picha yangu ninayoipenda kuliko zote haikupangwa. Nilikuwa nimeinama kuikagua tripodi, mguu wake mmoja ulikuwa umedidimia, na rimoti ikabonyezeka ndani ya glavu. Skafu imeganda kwa pumzi, kope zina theluji, pua inachuruzika. Mama alipoiona aliuliza kitu kimoja tu: kwani huko huna kofia nzito zaidi ya hiyo?