Bajeti ya Nairobi Huamuliwa Februari, Sisi Hufika Mei

Ukitaka mtaro wa maji ya mvua uchimbwe mtaani kwako katika mwaka wa fedha unaoanza Julai, halafu ungoje mkutano wa maoni wa Mei ndipo uuseme, umechelewa. Hakuna atakayekufukuza. Utakaribishwa, utapewa kiti, utaandika jina na nambari ya simu kwenye orodha ya waliohudhuria, na karani ataunakili mtaro wako kwenye daftari lake. Lakini pesa za mwaka huo zitakuwa zimeshagawanywa zamani, mbele ya watu wachache sana, na kilichobaki ni kusogeza senti.

Kila mwaka nasikia Wanairobi wakilalamika kwamba kaunti haisikilizi maoni ya umma. Wana haki ya kulalamika, ila hasira zao huangukia mwezi usio wake.

Kalenda yenyewe si siri. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeipanga kwa tarehe. Mwisho wa Agosti, waziri wa fedha wa kaunti hutoa waraka wa kuelekeza idara jinsi ya kuandaa bajeti. Kufikia Septemba 1, mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa uwe mbele ya bunge la kaunti. Huo ndio unaotaja miradi, na mradi usiokuwemo humo una kazi kubwa ya kujipenyeza baadaye. Mwisho wa Septemba kuna tathmini ya mwaka uliopita. Kisha kimya kirefu. Krismasi inapita, watu wanahangaika na karo ya Januari, na Februari 28 ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka bungeni hati ambayo mimi naiona ndiyo bajeti yenyewe: Taarifa ya Mkakati wa Fedha ya Kaunti. Makadirio ya bajeti, lile buku nene tunaloitwa kulitolea maoni, hufuata kufikia Aprili 30, na Juni 30 bunge linatakiwa liwe limeshayaidhinisha.

Kwa nini naipa uzito hati ya Februari? Kwa sababu ndani yake kila idara huwekewa kiwango cha juu cha matumizi. Afya isizidi hapa, barabara zisizidi hapa, mazingira yaishie pale. Bunge la kaunti lina siku 14 tu za kuijadili na kuipitisha, ikiwa na marekebisho au bila. Ikishapita, viwango hivyo vinakuwa kuta. Kanuni za mwaka wa 2015 zilizotungwa chini ya sheria hiyo zinasema bunge linapobadilisha makadirio, fungu la idara haliwezi kuongezwa wala kupunguzwa kwa zaidi ya asilimia 1 ya kiwango chake. Asilimia moja! Na sheria inaongeza kwamba ukipandisha matumizi mahali, sharti uyashushe mahali pengine.

Chukua mfano wa idara iliyowekewa shilingi bilioni 3. Asilimia 1 yake ni milioni 30. Nairobi ina wadi 85. Zigawie zote sawasawa, kila wadi inapata kama laki tatu na nusu. Nenda ukachimbe mtaro wa maana kwa laki tatu na nusu, ulipe na mkandarasi, halafu uje unieleze.

Watu wengi hudhani madiwani wetu, yaani MCA, wanaweza kuikatakata bajeti ya gavana watakavyo. Hawawezi. Wao wenyewe wanalijua hilo vizuri kuliko sisi, na ndiyo sababu vita vikali vya City Hall, makao makuu ya kaunti, kwa kawaida huwa juu ya Hazina ya Maendeleo ya Wadi, ile iliyoanzishwa kwa sheria ya kaunti ya 2014. Diwani akiwa na fungu lake la wadi, ana kitu cha kuonyesha: taa ya mulika mwizi hapa, barabara ya mtaa kule. Septemba 2025, madiwani walipotishia kumng'oa Gavana Johnson Sakaja, pesa za wadi na za basari za wanafunzi zilikuwa miongoni mwa malalamiko yao. Siwacheki. Ningekuwa diwani, nami ningepigania hiyo hiyo. Ila ni vita vya kugombania chumba kimoja huku nyumba nzima imeshapangishwa.

Niliwahi kuketi kwenye mkutano mmoja wa maoni huko Eastlands. Viti vya plastiki, kipaza sauti cha kukwama, buku la makadirio nakala mbili kwa ukumbi mzima. Ukilifungua unakutana na safu za nambari na majina ya mipango kama "Usimamizi na Huduma za Jumla", na hakuna popote palipoandikwa mtaro, choo cha soko wala zahanati kwa lugha ya mtu wa kawaida. Mama mmoja anayeuza mboga alisimama akaeleza jinsi maji machafu yanavyopita mbele ya kibanda chake kila mvua ikinyesha.

"Asante mama, hilo tumelichukua," afisa akamjibu.

"Mmelichukua mnalipeleka wapi, mwanangu?"

Ukumbi ukaangua kicheko, na afisa naye akacheka, maana alikuwa kijana mpole. Lakini mama hakuwa akifanya mzaha. Alisubiri jibu akiwa amesimama hadi aliyeongoza mkutano akampa mtu mwingine nafasi. Baada yake vijana wakauliza kuhusu basari, mzee mmoja akauliza kuhusu taa. Katika saa zote zile hakuna aliyefungua ukurasa wa mapato. Na huko ndiko uongo mkubwa unakolala.

Bajeti ya Nairobi ya mwaka wa fedha wa 2025/26 ni shilingi bilioni 44.6. Sehemu moja kubwa ni mgao kutoka serikali ya kitaifa. Sehemu nyingine, inayokaribiana nayo, ni pesa ambazo kaunti inasema itakusanya yenyewe: kodi za ardhi, ada za maegesho, leseni za biashara, vibali vya ujenzi, mabango ya matangazo. Miaka ya karibuni lengo la makusanyo hayo limekuwa likikaribia bilioni 20. Mwaka wa 2024/25 kaunti ilijisifu kwa kuvunja rekodi yake, na rekodi yenyewe haikufika bilioni 14.

Kwa hiyo bajeti inapitishwa ikiwa na shimo la mabilioni ambalo kila mtu mle ndani analijua. Kwa nini basi linaachwa? Kwa sababu linamfaa kila mmoja. Gavana anapata kutangaza miradi, idara zinapata mafungu yao, diwani anapata kuiona wadi yake kwenye orodha. Kwenye karatasi hesabu inakaa sawa. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo, na hilo nalo linatimia, kwenye karatasi.

Shida inaanza pesa zisipoingia. Mshahara hauwezi kungoja, maana wauguzi na kanjo, yaani askari wa kaunti, wakigoma jiji linasimama. Madeni ya mawakili na wakandarasi wa zamani yana amri za mahakama nyuma yake. Kinachokatwa ni barabara, mtaro, zahanati. Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, ambaye ofisi yake ndiyo huidhinisha pesa kutoka kwenye Hazina ya Mapato ya Kaunti, amelirudia jambo hili katika ripoti zake: makadirio ya mapato ya kaunti hayana uhalisia, na maendeleo ndiyo huumia. Madeni ambayo Nairobi haijalipa yamepita shilingi bilioni 80. Baadhi yalirithiwa kutoka Baraza la Jiji kabla ya ugatuzi kuanza 2013, na mengine yakazaliwa hapa hapa mbele ya macho yetu. Hayo ni karibu mara mbili ya bajeti nzima ya mwaka. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyewahi kuipa kaunti saruji kwa mkopo hahitaji kusomewa takwimu hizo.

Kuna na jambo la nje ya uwezo wa City Hall, nalo tulishuhudia jinsi lilivyo. Juni 2024, barabara za katikati ya jiji zilijaa vijana wakipinga Mswada wa Fedha wa kitaifa. Watu waliusoma kifungu kwa kifungu, wakautafsiri, wakabishana juu ya mkate na pedi ndani ya matatu. Rais William Ruto akaukataa Juni 26. Pengo la mapato lililofuata likagusa kaunti: mgao wa kaunti zote 47, uliokuwa umepangwa kuwa bilioni 400.1, ukavutwa huku na huku kati ya Bunge la Taifa na Seneti hadi ukatua bilioni 387.4. Wakati huo mwaka wa fedha ulikuwa umeshaanza zamani. Kaunti zilizokuwa zimepanga kwa hesabu ya kwanza zikarudi kukata.

Siwalaumu vijana wale hata kidogo. Ninachoshangaa ni kwamba makadirio ya Nairobi yalikuwa mezani mwezi huo huo, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka Bunge, na sikumsikia mtu hata mmoja akiyataja kwenye matatu. Ule moyo wa kusoma mswada hadi nukta ya mwisho, Nairobi tunao. Haujawahi kuvuka barabara ya City Hall Way.

Na sheria iko upande wetu zaidi ya tunavyodhani. Kifungu cha 117 cha ile sheria ya 2012 kinaitaka hazina ya kaunti izingatie maoni ya umma inapoandaa ile hati ya Februari, si makadirio peke yake. Kifungu cha 137 kinaunda Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti, ambalo mwenyekiti wake ni gavana, na ambamo idadi ya wawakilishi wa wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee na makundi ya dini inatakiwa ilingane na ile ya maafisa wa kaunti. Muulize jirani yako anayekuwakilisha kwenye jukwaa hilo ni nani.

Mahakama nazo hazijanyamaza. Mwaka wa 2014 Mahakama Kuu, chini ya Jaji George Odunga, iliifutilia mbali Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Jaji alieleza kwamba tangazo moja gazetini halitoshi. Kaunti itumie mabaraza, makanisa, misikiti, redio za lugha za wenyeji. Kiambu ni hapo tu, ukivuka mpaka. Zaidi ya miaka 10 baadaye, bado kuna kaunti zinazotoa tangazo kwa gazeti la Kiingereza na kuhesabu kazi imekwisha.

Upande wa pili wa bajeti kukwama nao tunaujua. Mwaka wa 2020, Gavana Mike Sonko alikataa kutia sahihi bajeti iliyokuwa ikipeleka sehemu kubwa ya pesa kwa Nairobi Metropolitan Services, ile taasisi iliyochukua majukumu manne ya kaunti. Huduma zikayumba, na Disemba Seneti ikamwondoa gavana mwenyewe. Sitaki turudi huko. Sheria inaweka kinga kidogo: mwaka ukianza bila bajeti kupita, Msimamizi wa Bajeti anaweza kuruhusu hadi nusu ya makadirio itumike. Ni ya kujikimu tu.

Ninachokitaka mimi si kikubwa. Mikutano ya wadi ifanywe Januari na mapema Februari, kabla viwango havijafungwa, na ile ya Mei ibaki ya kukagua kama tulichosema kimeingia. Karatasi moja kwa kila wadi, kwa Kiswahili, ionyeshe miradi ya mwaka uliopita: ni upi uliolipwa, ni upi ulioachwa, na kwa nini. Halafu lengo la mapato lisiruhusiwe kupita makusanyo halisi ya mwaka uliotangulia isipokuwa kaunti ieleze shilingi ya ziada itatoka wapi: ni kodi gani, ni nani asiyelipa leo na atalipishwaje. Najua hili la mwisho litawaudhi wengi, kwa sababu bajeti ya Nairobi itasinyaa kwa bilioni kadhaa na wadi nyingine zitaambiwa wazi kwamba mwaka huu hazina mradi. Mimi ni afadhali niambiwe hapana Februari kuliko kuahidiwa Juni na kuzungushwa hadi Juni nyingine.

Uchaguzi ni Agosti 2027, na wagombea wa udiwani watakuja mlangoni na fulana na leso. Kwa wale walioko bungeni sasa, swali langu liko tayari: viwango vya idara vilipokuwa vikijadiliwa zile siku 14, ulisimama ukasema nini kuhusu wadi yetu? Hansadi, kumbukumbu rasmi ya mijadala ya bunge, ipo.